Jicho, Jino, Pua na Gunia Moja la Mpunga

Sogeeni karibu. Mwenye chungu jikoni akapunguze moto kwanza kisha arudi akae, kwa sababu mwisho wa hadithi hii kuna swali, na aliyekosa kipande cha katikati hana haki ya kulijibu.

Katika kijiji cha Lumbeta, kule bondeni ambako mto Kilombero ukijaa hupanda mpaka mashambani, palikuwa na mama aliyeitwa Prisila. Mumewe alikuwa Mzee Kastori Lyanga. Walijaliwa watoto watatu, na kila mtoto alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza, Gaudensia, alikuwa na jicho. Akipita juu ya tuta la shamba, bila hata kusimama, angekuambia mmea upi una kiu, upi una njaa na upi umeanza kuugua. Wengine wakitazama shamba waliona kijani tu. Yeye aliona kijani cha kushiba, kijani cha kulewa mbolea na kijani kinachoficha ugonjwa.

Wa pili, Otmari, alikuwa na jino. Alichukua punje ya mpunga, akaiweka kwenye magego, akauma. Ikilia ka! kama kijiti, mpunga umekauka. Ikididimia bila kulia, bado. Wanunuzi walikuja na vipimo vyao vya betri, wakapima, kisha bado wakamtazama Otmari mdomoni.

Wa mwisho, Odilia, alikuwa na pua. Alipika na kuuza chakula Ifakara mjini, na wauza nafaka wa sokoni walikuwa wakimwogopa, maana alisogelea gunia la maharage lililoshonwa akasema, "Hili lilinyeshewa," na kweli lilikuwa limenyeshewa. Pua ile haikumpa raha. Mtu mwenye pua kama hiyo hali kwa watu kwa amani. Tangu utotoni alikuwa amekanywa, "Odi, usikunje uso mbele za wageni," basi akajifunza kunusa na kunyamaza. Tutakwenda na huyu Odilia zaidi ya wenzake, kwa kuwa ndiye anayeiwaza habari hii mpaka leo akipepeta mchele.

Ukoo wa Lyanga ulikuwa na mbegu yake ya mpunga. Waliiita Ndevu za Babu, kwa sababu kila punje ilikuwa na unywele mrefu nchani. Ilizaa kidogo, ilichelewa kukomaa, na ndege waliipenda kupita kiasi. Lakini ikipikwa nyumba ya Lyanga, waliokuwa kisimani walijua. Hapo zamani bibi yake Kastori aliwagawia watoto wake wote. Kila mmoja akaipanda karibu na mpunga mwingine, akaianika turubai moja na mpunga mwingine, na ndani ya misimu michache ikabaki kwa mtoto mmoja tu. Kwa wengine zilibaki punje zenye ndevu hapa na pale, kama wageni waliopotea njia. Tangu siku hizo likawekwa sharti: mbegu haigawanywi. Stoo moja, ufunguo mmoja, mkono mmoja. Wakati wa hadithi yetu, mkono huo ulikuwa wa mama Prisila.

Sasa sikilizeni ilivyokuwa.

Mwaka ule Mzee Kastori aliugua tangu siku za kupandikiza miche. Alijua haponi, na alitaka aache shamba la kutazamwa. Akawa anakaa kwenye kigoda kando ya majaruba, vile vishamba vya mpunga vilivyozungushiwa matuta, anaamuru.

"Baneni miche. Na mbolea ya kukuzia mkimaliza kumwaga, rudieni."

"Baba," Gaudensia akasema, "ukiibana hivi upepo hautapita. Mvua ikinyesha majani hayatakauka mpaka saa sita mchana."

"Gaude, ulipozaliwa nilikuwa nimeshavuna asubuhi hiyo. Bana!"

Wakacheka, wakabana. Ila lile jaruba la juu, nyuma ya kichuguu, ambako mzee hakuweza kufika kwa mkongojo, Gaudensia alilipanda kwa nafasi na mbolea akalitilia kidogo.

Mvua za mwaka ule hazikujua kuondoka. Mpunga ulichanua mawingu yakiwa yamekaa juu yake. Siku moja Gaudensia akainama kwenye majaruba ya chini, akaona madoa ya kahawia kwenye majani, madogo kama ufuta. Akafunua suke: punje kadhaa zimeanza kuchafuka, na moja imegeuka kidonge cha unga wa njano. Pale pale angeweza kusema. Maji yangefunguliwa yatoke, mimea iliyougua zaidi ingekatwa, sehemu nyingine ingepata dawa. Lakini siku ile ile ndiyo mzee aliyoletwa shambani, Otmari kamshika bega. Mzee akasimama juu ya tuta, akavua kofia.

"Loo! Oneni kijani hicho! Gaude, umeona?"

Gaudensia akalifumba lile suke kiganjani. "Nimeona, baba. Limependeza."

Hakuna aliyekuwa amemwona mzee akicheka vile kwa miezi. Na Gaudensia alinyamaza siku ile, akanyamaza na iliyofuata, mpaka ikawa hakuna tena la kusema. Alichofanya ni hiki: wakati wa kuvuna alikata jaruba la kichuguu peke yake, akaupiga mpunga wake kwenye mkeka wake, akalifunga gunia lake kwa kitambaa chekundu. Akawaambia wenzake, "Hili ndilo la mbegu. Lisichanganywe na jingine, hata punje moja."

Hilo ndilo jicho.

Mpunga ukaletwa uani kuanikwa. Turubai zikafunika uwanja wote, ukajaa mpunga kutoka mlangoni mpaka kwenye uzio, na jua likajitokeza kwa shingo upande. Kabla halijafanya kazi yake, Mzee Kastori akafariki.

Mnajua msiba wa kwetu. Mwili ulibaki mochwari Ifakara ukisubiri ndugu wa Mahenge na wa Dar, na watu wakaanza kumiminika Lumbeta. Uwanja wa kuanikia mpunga ndio huo huo uwanja wa kukaa waombolezaji. Baba mdogo Alfonsi, mdogo wake marehemu, akasimama katikati, mikono kiunoni.

"Otmari! Hivi watu wakae juu ya mpunga? Umekauka huu?"

Otmari akachukua punje, akauma. Jino likazama. Hakukuwa na sauti yoyote. Akainua macho akawaona shangazi zake wanaingia langoni wakilia, mikono kichwani. Mtoto wa kiume wa marehemu aseme nini? Aseme, ngojeni, mpunga wangu bado?

"Umekauka," akasema.

Ukazolewa, ukajazwa kwenye magunia, magunia yakaingizwa stoo. Na huko stoo kulitokea jambo jingine. Magunia yalikuwa yakipangwa juu ya chaga, zile fremu za mbao zinazoyainua yasiguse ardhi. Benchi za kukalia zilipopungua uani, baba mdogo Alfonsi akaagiza chaga zitolewe, zikawekwa juu ya matofali, wazee wakakaa.

Otmari alimfuata kwa adabu. "Baba mdogo, magunia yatakaa kwenye udongo."

"Kwani mpunga una mgongo? Wenye migongo ni sisi. Ukae chini kidogo, hautaumwa." Wazee wakacheka, hata wale waliokuwa wametoka kulia.

Ila kwa gunia la kitambaa chekundu Otmari hakuweza kudanganya. Alilipakia kwenye baiskeli akalipeleka ng'ambo ya njia, kwenye sakafu ya saruji ya jirani. Kila jua likichomoza alichepuka msibani, akaumwaga, akaugeuza kwa reki, akaufunika jua likiingia kwenye wingu. Watu walimwona. Shangazi Benedikta, dada mkubwa wa marehemu, alisema kwa sauti ya kusikika, "Baba yake yuko kwenye barafu, yeye anacheza na mpunga." Otmari alisikia, akageuza mpunga. Aliuma punje mpaka gego likamuuma. Asubuhi ya maziko, ikalia: ka! Akaliingiza gunia stoo, akalisimamisha karibu na mlango, mbali kidogo na mengine. Chaga hakuwa nayo, zote zilikuwa zimekaliwa.

Hilo ndilo jino.

Waliporudi makaburini, shangazi Benedikta alifanya kama desturi ya ukoo ule inavyotaka. Mwenye nyumba akifa, stoo yake hufungwa mpaka arobaini, na watu hula kilicholetwa na majirani, ili isisemwe kwamba jasho la marehemu lililiwa kabla halijapoa. Akafunga mlango, akachukua ufunguo, akaukaza fundo kwenye pembe ya kanga ya mjane.

"Wifi, huu ni wako mpaka arobaini. Asiuguse mtu."

Mama Prisila akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amekaa kwenye godoro chini, ameegemea ukuta. Na ukuta huo ndio uliokuwa ukitenganisha chumba na stoo. Odilia alikaa ubavuni mwake, naye kauegemea huo huo.

Mvua ikarudi, ndogo ndogo, ya kutia baridi. Wiki ya kwanza haijaisha, Odilia akanusa kitu. Kilikuwa chembamba, kikipita kwenye ufa wa ukuta, kama kitambaa cha kudekia kilichosahaulika kwenye ndoo. Akajua ni nini. Uso akautuliza. Akajiambia labda ni mikeka. Labda ni nguo za watu, mvua imewanyeshea. Alijua si mikeka.

Jioni alijaribu kwa mbali. "Shangazi, hivi stoo haiwezi kufunguliwa kidogo tu, ipate hewa?"

Shangazi Benedikta akaacha kutafuna. "Odilia mwanangu, umekuja kufiwa au umekuja kula?"

Wanawake waliokaa karibu wakaangalia chini. Mmoja akaguna. Odilia akaona aibu mpaka masikioni, akashika sahani akaenda kuziosha zote, hata zilizokuwa safi.

Akanyamaza. Harufu ikawa inanenepa. Mwanzoni ilikuwa ya ubichi, baadaye ya uvundo, halafu ikaja na utamu fulani wa kuchukiza kama pombe iliyolala. Alilala nayo, akaamka nayo. Alikuwa karibu sana na ule ufunguo: uliinuka na kushuka kwa pumzi ya mama yake, umbali wa mkono. Kila siku alisema, leo nitamwambia mama. Kila siku akamtazama mama alivyokonda, akaona si haki kumwongezea jambo juu ya alilo nalo.

Kisha mchana mmoja, watu wakiwa uani wanakula, harufu ilibadilika tena, na Odilia akajua kwamba ikipita siku hiyo hata gunia la mlangoni halitapona. Mama Prisila alikuwa amesinzia, kichwa ukutani. Odilia akapeleka mkono kwenye pembe ya kanga. Fundo lilikuwa limekazwa kwa hasira za shangazi, na vidole vyake vilihangaika bila kulifungua. Mama akajigeuza usingizini, kanga ikalegea kidogo, fundo likafunguka.

Akafungua stoo. Joto likamlaki mlangoni, kana kwamba ndani kulikuwa na ng'ombe. Aliingiza mkono kwenye gunia la karibu, akautoa haraka: mpunga ulikuwa wa moto, umeshikana mabonge, na bonge alilolishika lilikuwa na manyoya ya kijivu na kijani. Hakupiga kelele. Alilikumbatia gunia la kitambaa chekundu, akaliburuta mpaka uani, mbele ya waombolezaji wote, akaenda moja kwa moja walipokaa wazee.

"Baba mdogo, naomba uinuke."

"Nini?"

"Inuka, baba mdogo. Nataka chaga."

Kwa mshangao, akainuka.

Hiyo ndiyo pua.

Hapo vipaji vitatu vikakutana. Pembe ya chini ya gunia lile ilikuwa imeanza kuvuta unyevu wa udongo. Odilia akanusa, akachota, akanusa tena, mpaka akafika mahali akasema, "Kuanzia hapa kwenda juu ni safi." Otmari akauma punje za juu, zikalia; za katikati, zikalia kwa uvivu; akasema zirudi juani. Gaudensia akapiga magoti kwenye turubai, akaanza kuondoa kila punje yenye doa. Wakafanya hivyo bila kusemezana, na waombolezaji wakiwatazama. Gunia likapona.

Ndilo pekee lililopona.

Magunia mengine yalipofunguliwa, watu walirudi nyuma. Baba mdogo Alfonsi hakukubali kwa urahisi. Kuona mpunga wa kaka yake umekuwa vile kulimtoa jasho.

"Tuuanike upya. Tuupeleke mashineni, kuvu itatoka na pumba. Tuoshe mchele vizuri."

"Baba mdogo," Gaudensia akasema, "kuvu ya aina hii huacha sumu ndani ya punje. Haioshwi, na moto hauimalizi."

"Basi tuwape kuku."

"Kuku watakufa, au watakula wao kisha tutawala sisi."

"Basi hata pombe? Pombe inaua kila kitu!"

"Inaua wanywaji," Otmari akasema. Baba mdogo akalitazama shimo ambalo vijana walikuwa wameanza kulichimba nyuma ya nyumba, kisha akavua koti akashika jembe na yeye. Wakamwaga mpunga humo, gunia baada ya gunia, wakafukia. Ndani ya msiba mmoja walizika mara mbili. Shangazi Benedikta aliyefunga mlango alikaa jikoni kutwa nzima, na hakuna aliyethubutu kumpelekea chai.

Arobaini ikafika. Mchele wa wageni ulinunuliwa dukani. Ulikuwa mweupe, mzuri wa kutazama. Mama Prisila aliletewa sahani, akaonja kijiko kimoja, akakirudisha.

"Hauna harufu yoyote," akasema taratibu. "Kastori angeuliza, huu ni wa nani? Ningemjibuje?"

Hakula zaidi. Odilia aliitazama ile sahani mpaka ikapoa.

Wageni walipokwisha kuondoka, mama akawaita watoto wake watatu chumbani, akawakalisha kwenye mkeka. Mawingu ya msimu mpya yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa milima ya Udzungwa, na kitalu cha miche kilikuwa hakijaandaliwa. Akafungua pembe ya kanga, akautoa ufunguo, akauweka sakafuni katikati yao.

"Magoti yangu hayashuki tena kwenye maji," akasema. "Mbegu ni gunia moja, na mnajua hatuigawi. Nataka mkono mmoja wa kuishika. Semeni."

Otmari alianza. "Mpe dada Gaude. Angechanganya mpunga ule na wa majaruba ya chini, leo tungekuwa tunatunza ugonjwa. Mimi ningekausha punje zenye madoa, Odi angenusa punje zenye madoa. Mbegu ilianzia machoni mwake."

Gaudensia akatikisa kichwa. "Mpe Otmari. Mbegu safi ikifungwa mbichi inaoza yenyewe, hata ukiitundika darini. Alitukanwa mbele ya watu kwa ajili yake, akaendelea kugeuza. Jicho langu lingekuwa limeona nini cha kuokoa?"

"Mpe Odilia," Otmari akasema tena. "Nimeropoka. Safi na kavu, vyote viwili vilikuwa vimekaa kwenye udongo karibu na moto ule. Siku moja zaidi, kazi yangu na ya dada ingekwenda shimoni."

Odilia akainamia mkeka. Mama akawatazama mmoja mmoja.

"Mbona mnasifiana, na hakuna anayeinua macho?"

Gaudensia akawa wa kwanza. "Mama, niliyaona madoa mapema. Siku ile baba aliposimama kwenye tuta. Nilifunga kiganja."

"Mimi," Otmari akasema, "niliuma, jino likazama. Nikawaambia umekauka."

Ikabaki zamu ya Odilia. Midomo ilikuwa mizito. "Nilinusa wiki ya kwanza, mama. Nilikuwa hapa hapa, ubavuni mwako. Niliogopa maneno ya shangazi. Halafu nikakuonea huruma, nikasema nisikuamshe. Mpaka siku ile nilipokuibia ufunguo."

Mama Prisila akanyoosha mkono akamgusa goti.

"Hukuniibia. Nilikuwa macho. Nilisikia vidole vyako vinahangaika, nikajisogeza ili fundo lilegee."

Odilia akainua uso.

"Mimi sina pua yako," mama akaendelea, "sikujua kilichokuwa stoo. Niliona mwanangu ana shida na ufunguo, basi. Ungeniomba siku ile ya kwanza, ningekupa. Sheria za wifi yangu ningezijibu mwenyewe. Na baba yenu, Gaude, alikuwa mkulima; ungemwonyesha lile suke angelia, kisha angekuambia la kufanya. Na wewe Otmari, hao waombolezaji wote wanalima. Nani kati yao asingesogea kando kama ungemwambia mpunga bado?"

Hapo ndipo Odilia alipolia, na alilia kwa sauti kuliko siku ya maziko. Kwa maana kifo cha baba hakikuwa na mtu wa kukizuia, lakini hili lilikuwa na watu watatu.

Alipotulia, ufunguo ulikuwa bado pale sakafuni. Alijikuta anautaka, kuliko alivyowahi kutaka kitu, ili apate kuamka kila asubuhi afungue mlango ule na kunusa na kusema. Na papo hapo aliogopa wasije wakamwambia auchukue. Akawatazama dada na kaka yake, akaona wote wawili wamekaa na hamu ile ile na hofu ile ile, mikono kwenye mapaja.

Nje upepo ulikuwa umeanza kuleta harufu ya mvua. Odilia aliinusa kabla ya wengine. Safari hii akasema, "Mvua inakuja. Kesho jioni haifiki kabla haijanyesha."

"Basi hatuna muda," mama akasema. "Mimi nimewazaa wote watatu, jicho langu halitanyooka. Nitawaita watu wa nje waamue."

Watu wa nje ndio nyinyi.

Mbegu ya Ndevu za Babu isingekuwepo bila jicho la Gaudensia, isingekuwepo bila jino la Otmari, isingekuwepo bila pua ya Odilia. Na shimo lile nyuma ya nyumba lisingekuwepo kama mmoja wao, yeyote, angefungua mdomo kwa wakati wake. Yule aliyenyamaza ili baba afurahi, yule aliyenyamaza ili msiba uheshimiwe, na yule aliyenyamaza ili mama apumzike: mbegu ni moja, na mvua ni ya kesho.

Wewe uliyekaa hapo, na wewe uliyerudi kutoka jikoni: ufunguo ungeuweka mkononi mwa nani?